Netibuku ya bei nafuu: miezi 14 ya kuitumia hapa Mombasa, mazuri yake na mashaka yake

Mleta uzi

Wanabaraza, assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Dada yangu ana mtoto anayeanza diploma ya uhasibu katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na amenikabidhi shilingi 18,000 pamoja na agizo moja tu: "Mtafutie kompyuta kama yako." Kompyuta yangu ni netibuku, yaani kipakatalishi kidogo cha skrini ya inchi 11.6, nilichokinunua cha mtumba kwa shilingi 14,500 katika duka moja karibu na Moi Avenue, na ambacho nimekipandisha feri ya Likoni asubuhi na jioni kwa miezi 14 sasa. Kabla sijazitumia fedha za mwenyewe, nimeona niyaandike kwa kituo yale niliyoyaona, ili walio na ujuzi kunizidi wanirekebishe. Chapa sitaitaja, maana nitakayoyasema yanahusu aina nzima ya mashine hizi. Ndani yake mna prosesa ya Intel Celeron N3350, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (chipu ya kutunzia faili) ya GB 64, na uzito wake ni kilo 1.2 hivi.

Vijana huenda hawalikumbuka jina hili. Netibuku zilivuma kuanzia mwaka 2007, Asus ilipotoa Eee PC ya inchi 7 yenye hifadhi ya GB 4 tu, halafu mwaka 2008 Intel ikaleta prosesa ya Atom na kila kampuni ikatoa yake. iPad ilipokuja mwaka 2010 soko likaanza kuwakimbia, na kufikia mwanzoni mwa 2013 Asus na Acer walikuwa wameziacha. Jina lilikufa, kitu chenyewe hakikufa: mwaka 2014 HP ilitoa Stream 11 kwa dola 199 kule Marekani, na tangu hapo shule za ng'ambo zimekuwa zikinunua mashine ndogo za inchi 11.6 kwa wingi, zikizitumia miaka kadhaa, kisha zikiziuza. Hizo ndizo tunazoletewa sisi zimepangwa mezani kama sahani.

Nianze na feri, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nitafute kitu kidogo. Anayevuka Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi anajua kwamba mkoba wa mgongoni haukai mgongoni. Unauvuta mbele, unaukumbatia kifuani, na unasubiri mlango wa feri ushuke huku mabega ya watu wanne yamekuegemea. Kipakatalishi changu cha awali kilikuwa cha inchi 15.6 na kilo 2.4 bila chaja, na katika msongamano wa namna hiyo kioo chake kilipasuka kutoka pembeni hadi katikati, nami sikujua mpaka nilipokifungua nikiwa katika chumba cha walimu. Netibuku hii ilitengenezwa kwa ajili ya mikono ya watoto wa shule, kwa hiyo ina ukingo wa mpira pande zote na kifuniko kisichobonyea upesi. Imeshaanguka mara mbili, mara moja kutoka kwenye dawati hadi sakafu ya saruji, na haikudhurika ila alama nyeupe kwenye kona.

Jambo la pili ni stima. Prosesa ya N3350 imepimiwa wati 6, na mashine nzima pamoja na skrini, nikiwa naandika tu, hula kiasi hichohicho cha wati 6 au pungufu kidogo. Stima ikipotea saa mbili usiku, mimi huendelea kusahihisha kwa hotispoti ya simu kana kwamba hakuna lililotokea. Betri yangu ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo wa mWh 37,000, yaani wati 37 kwa muda wa saa moja. Nilipoinunua ilikuwa imebaki na 26,000, na leo ina 21,500. Ukigawa wati 21.5 hizo kwa 6 utaona kwamba napata saa tatu na nusu, na ndivyo ilivyo kweli.

La tatu ni la sisi watu wa pwani, na sijaliona likizungumzwa mahali pengine. Kipakatalishi cha kawaida kina feni inayovuta hewa ya nje, na hewa yetu ina chumvi, unyevu na vumbi la kutosha. Fundi akikifungua baada ya miaka miwili hukuta ndani pamejaa kitu kama tope lililokauka. Netibuku yangu haina feni wala matundu ya kupumulia, kwa hiyo hakuna kinachoivutia chumvi ndani. Sisemi imeepuka kabisa: vyuma vya ndani ya tundu la USB la upande wa kulia, ambao huwa umeelekea dirishani, vimeota ukungu wa kijani, na kitufe cha herufi A kilianza kukwama msimu wa kaskazi uliopita hadi nikawa naandika "mwnfunzi" na kurudi nyuma kusahihisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sasa nije kwenye mashaka, ambayo ni mengi zaidi.

Kubwa kuliko yote ni hifadhi. Muuzaji aliniambia mashine ina GB 128. Nilipofika nyumbani nikakuta eMMC ya GB 64, ambayo kompyuta yenyewe inaihesabu kuwa takriban 58, na memori kadi ya GB 64 iliyochomekwa ubavuni, hata kibandiko cha bei hakijatoka vizuri. Amejumlisha! Sikumrudia, kwa kuwa kosa lilikuwa langu la kutofungua mashine mbele yake. Kati ya hizo 58, Windows 10 na faili zake zilikuwa zimechukua karibu nusu. Nilipoongeza programu za ofisi, picha za simu na video mbili za somo la Jiografia, nikabakiwa na GB 4, na hapo ndipo masasisho yalipokataa kuingia. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha alama, mashine ilijaribu kujisasisha, ikakosa nafasi, ikarudi ilikotoka, ikajaribu tena. Nilikaa nikitazama kile kiduara kinachozunguka kuanzia saa tatu hadi saa sita kasorobo. Mwenye mashine ya GB 32 atayaona hayo mara mbili yangu, kwa sababu nafasi anayobakiwa nayo tangu siku ya kwanza ni kiduchu, na masasisho makubwa yanahitaji GB kadhaa za kufanyia kazi.

RAM ya GB 4 nayo imelehemiwa kwenye madabodi, haitoki wala haiongezeki. Windows ikishawaka tu imechukua kama GB 2. Zilizosalia zinatosha faili moja ya Excel na vichupo vitano au sita vya kivinjari. Ukifungua cha kumi, mashine huanza kuhamisha vitu kwenye eMMC, na eMMC si SSD, ile diski ya chipu yenye kasi zaidi, kwa hiyo unabofya na kungoja, unabofya na kungoja.

Skrini ina nukta 1366 kwa 768. Ukurasa wa mtihani unaonekana nusu, na jedwali la alama za wanafunzi 45 kwa masomo 11 nimelazimika kulipunguza hadi asilimia 80 ndipo lienee. Kukaa nayo mchana mahali penye mwanga, kwa mfano pale Mama Ngina Drive, ni kujitazama uso wako mwenyewe. Rangi hubadilika ukiinamisha kichwa. Kamera sitaijadili, inatosha kusema kwamba katika mkutano wa mtandaoni nilionekana kama mtu anayezungumza nyuma ya chandarua.

Na ukosefu wa feni nilioupigia debe una upande wake wa pili. Mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Asubuhi jedwali lilelile hufunguka upesi, saa tisa mchana ni kizaazaa.

La mwisho, na ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu mpwa wangu: Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na N3350 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Madukani bado zimejaa. Muuzaji atakwambia "Celeron ni Celeron", lakini N4000 na N4020 zimo katika orodha hiyo, N3350 haimo, na kwa nje mashine hizo huwezi kuzitofautisha.

Naomba michango. Je, nimtafutie ya aina hii, au nimshawishi dada aongeze fedha?

Fundi wa Mwembe Tayari

Mwalimu, umeeleza vizuri, ila umeorodhesha matatizo yote kana kwamba yana uzito sawa. Sisi mafundi tunayagawa mafungu mawili: linalobadilishika na lisilobadilishika. Betri hubadilishika. Kibodi hubadilishika, kitufe chako cha A kinaweza kupona kwa pamba na spiriti ya kusafishia ukiing'oa kofia yake polepole, na kama hakiponi, kibodi nzima si ghali. Kioo hubadilishika. Lakini RAM iliyolehemiwa, eMMC iliyolehemiwa na prosesa ni vitu unavyovioa siku ya kununua. Kwa hiyo mteja akiniuliza netibuku ipi achukue, simuulizi ina mikwaruzo mingapi. Namuuliza hivyo vitatu.

Njia ya kujua ukiwa dukani ni nyepesi. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Pale kwenye Form factor pakiandikwa SODIMM, kuna kipande kinachochomolewa na unaweza kuongeza. Pakiandikwa Row of chips, imelehemiwa, basi uliyoiona ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa hifadhi, fungua Device Manager usome jina la diski, na usihesabu memori kadi. Zipo mashine ndogo za shule zenye nafasi ya kubadilisha: ThinkPad 11e za matoleo ya kwanza, kwa mfano, zina kipande kimoja cha RAM cha kuchomeka na diski ya inchi 2.5. Ukiiwekea SSD ya kawaida ya SATA, hutaamini kuwa ni mashine ileile, ingawa prosesa yake ni ya zamani kuliko yako na Windows 11 nayo haiitambui.

Kuhusu betri, usikubali kuambiwa "inakaa saa sita". Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ukurasa unaoonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Akikwambia mashine yake haina amri hiyo, rudisha kiti chake taratibu uondoke.

Tena jihadharini na vile vidogo vyenye Atom Z3735F vya mwaka 2015 hivi, vya GB 2 na GB 32. Huletwa kwangu na watu wanaotaka niwawekee Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ili vipate uhai. Prosesa yake ni ya biti 64 lakini programu yake ya kuwashia ni ya biti 32, kwa hiyo diski nyingi za kusakinishia Linux hazionekani kabisa mpaka uzifanyie ujanja. Inawezekana, nimeshafanya, lakini kazi yake na matokeo yake havilingani.

Mwanafunzi wa Tudor

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapo hapo chuoni, somo la kompyuta, na nilianza na netibuku ya GB 4 kama yako. Nitasema la kwetu tu.

Kuandika programu za Python na C, kusoma PDF, kuandika ripoti na kutazama mihadhara ya video, iliniwezesha yote. Hata YouTube haikuwa tatizo, kwa sababu prosesa za kizazi cha N3350 zina saketi maalumu ya kufungulia video za VP9, muundo unaotumiwa na YouTube, tofauti na zile za N2840 za kabla yake ambazo hutumia nguvu zote na bado picha inakatika. Lakini tulipofika kutengeneza programu za simu, Android Studio inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na mimi nilikuwa na nusu yake. Nilibaki nikiazima mashine ya maabara kwa zamu hadi muhula ukaisha. Rafiki yangu wa usanifu majengo yeye hakufika hata huko. Programu zao za kuchora zilimshinda wiki ya kwanza.

Kwa uhasibu sidhani kama mpwa wako atakutana na hayo. Ila uliza kwanza ni programu gani za hesabu watakazofundishwa, maana tofauti iko hapo.

Karani wa bandarini

Mimi nitapinga kidogo, na Mwalimu aniwie radhi.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo Kilindini. Siku yangu ni mfumo wa forodha wa iCMS katika kichupo kimoja, barua pepe katika kingine, ankara za PDF saba au nane, na Excel ya kukokotoa ushuru. Nilinunua netibuku kwa sababu zilezile za uzito, nikavumilia miezi minne. Siku moja mteja amesimama mbele yangu, kontena lake linahesabiwa siku, na mimi ninangoja ukurasa urudi kutoka kwenye weupe. Aliniuliza kwa upole kama stima imepotea.

Niliiuza kwa shilingi 9,000 nikaongeza nikanunua HP EliteBook 820 G3 ya mtumba kwa 21,000. Skrini yake ni inchi 12.5, uzito wake unapita wa netibuku yako kwa gramu chache sana, prosesa ni Core i5 ya kizazi cha sita, na RAM yake iko kwenye vipande viwili vya kuchomoa, nikaweka GB 16. Netibuku na mashine hii zilikuwa meza moja dukani. Hoja yangu ni kwamba watu hulinganisha netibuku na vipakatalishi vizito vya inchi 15, na hapo lazima ionekane nzuri. Ilinganisheni na mashine ndogo za maofisini zilizostaafu, mtaona kwamba unachookoa ni shilingi elfu tano au sita tu, na unachopoteza ni kompyuta.

Mleta uzi

Ndugu Karani, sina cha kukuwia radhi, umegonga penyewe. Nikubali kwamba mimi mwenyewe sikuzilinganisha hizo mbili siku ile. Niliingia dukani nikiwa bado na hasira ya kioo kilichopasuka, nikachukua iliyo nyepesi na rahisi.

Hata hivyo nina maswali mawili juu ya hiyo 820 G3. La kwanza, Core i5 ya kizazi cha sita nayo haimo katika orodha ya Windows 11, kama N3350 yangu. Mashine ina nguvu za kutosha kabisa, lakini rasmi imefungiwa mlango, na mtoto anaanza masomo ya miaka mitatu. La pili ni betri: mashine za maofisini aghalabu zilikaa zimechomekwa kwenye umeme miaka minne mfululizo. Yako ulipoipima ilikuwa asilimia ngapi?

Kwa Dada Mwanafunzi, marahaba, na ahsante kwa neno la VP9. Nilikuwa sijui kwa nini ya mwenzangu ofisini hukatika na yangu haikatiki. Nimempigia mpwa wangu, anasema watatumia Excel zaidi ya kitu kingine chochote.

Hilo la Excel ndilo linaloniondolea wazo la Chromebook, zile kompyuta za mfumo wa Google zinazotegemea kivinjari, ingawa kuna muuzaji Bondeni anazitoa kwa 8,000. Fomu ya P10 ya kuwasilisha PAYE (kodi ya mishahara), kwa mfano, hujazwa katika faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, na makro hizo hazifanyi kazi ndani ya Excel ya kivinjari. Mwanafunzi wa uhasibu ambaye hawezi kuifungua fomu ya kodi kwenye mashine yake atakuwa mgeni wa saiba mpaka ahitimu.

Karani wa bandarini

Asilimia 31, Mwalimu. Sikatai. Nilinunua betri mpya kwa shilingi 3,800, kwa hiyo jumla yangu ni karibu 25,000. Na upande wa Windows, bado niko kwenye 10.

Fundi wa Mwembe Tayari

Kwa kuwa Chromebook imetajwa, niongeze mawili kwa faida ya wengine, maana zinaletwa kwangu kila wiki. Kila Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Zile zilizotolewa kuanzia mwaka 2021 zinapata miaka kumi, lakini nyingi za 8,000 ni za kabla ya hapo, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio usome tarehe kabla hujatoa hela. Pili, zinatoka mashuleni, na nyingine bado zimesajiliwa kwa jina la shule ya ng'ambo. Utaifuta, utaiwasha, na mara tu itakapopata intaneti itakuuliza nenosiri la mwalimu wa Ohio. Hapo fundi hana la kufanya. Mwenye ruhusa ya kuifungua ni shule yenyewe. Iunganishe na hotispoti ya simu yako ukiwa bado dukani.

Kwa upande wa Windows, la kuchunguza ni nenosiri la BIOS, ile programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Zima, washa, ingia BIOS. Ikikudai nenosiri, mwachie muuzaji aendelee nayo.

Msomaji wa Mikindani

Samahani kuuliza nje kidogo. Kama tayari mtu anayo ya N3350 yenye GB 4, aitupe?

Mleta uzi

Aitupe kwa nini? Yangu bado ninaandikia hapa. Sikusema pale juu, lakini baada ya mashaka yale ya Windows niliiondoa mwezi uliopita nikaweka Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la Linux, na GB zilizokuwa zimeshikwa na mfumo zimerudi kwangu karibu nusu. Mazoezi, barua, mitihani na PDF vinakwenda. Excel ya makro ndiyo niliyoikosa, nami huifanyia kazi kwenye kompyuta ya ofisi. Na wala sijapandisha kasi ya prosesa kwa kubadilisha mfumo, asije mtu akadanganyika; saa tisa mchana ya Februari bado ni saa tisa mchana ya Februari.

Mleta uzi — mrejesho baada ya siku tisa

Wanabaraza, tumenunua.

Jumamosi nilikwenda na dada na mpwa wangu katika maduka matatu. La kwanza tuliondoka baada ya dakika tano, muuzaji alipokataa tusiandike amri ya betri kwa madai kwamba inaharibu mashine. La pili walikuwa na inchi 12.5 ya Core i5, RAM GB 8 za kuchomoa, bei 21,000. Tukaipima, betri ikatoa asilimia 34. Nikimwongezea betri ya Ndugu Karani tungefika karibu 25,000, na uso wa dada ulinitosha kama jibu. La tatu walikuwa na netibuku ya N4020 yenye RAM ya GB 4 na eMMC ya GB 64, bei 18,500. Task Manager ikasema Row of chips, kama nilivyotarajia. BIOS haikudai kitu. Betri ilikuwa na asilimia 88, na Windows 11 ilikuwa imesakinishwa na inakubalika rasmi, ingawa GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho mfumo huo unakitaka, na GB 64 vilevile. Mashine iko kwenye ukingo wa orodha, nalijua hilo.

Nilimweleza dada yote hayo mbele ya kijana: kwamba ile ya pili ina nguvu zaidi na inaweza kutengenezwa, na hii ya tatu itabaki ilivyo mpaka siku yake ya mwisho, ila leo inafanya kazi bila kuongezewa senti. Mwenye fedha akachagua ya tatu, akambana muuzaji hadi 17,000. Elfu moja iliyosalia tumenunua flashi diski na mfuko wa kitambaa, na kijana nimemwekea vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ili angalau chumvi ya Tudor iikute imejiandaa.

Nilimpa sharti moja, kwamba asifungue vichupo zaidi ya sita. Jana jioni amenitumia picha akiwa maktaba, netibuku mbele yake, akitabasamu. Nikaikuza picha nikahesabu vichupo vilivyo wazi juu ya kivinjari chake. Nilipofika 19 nikampigia simu.